Ada ya bima ya nyumba yetu Texas imepanda kutoka dola 2,400 hadi 4,200. Je, tuiache?

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Fort Worth, Texas, pamoja na mume wangu na watoto wetu wawili. Ni muuguzi msaidizi katika makao ya wazee, na mume wangu huendesha lori la masafa marefu, kwa hiyo wiki nyingi ni mimi ninayefungua barua zinazoingia nyumbani. Mwaka 2019 tulinunua nyumba kwa mkopo wa miaka 30, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu yenye paa la vigae vya lami ambalo, kwa mujibu wa karatasi za ukaguzi tulizopewa wakati wa kununua, liliwekwa mwaka 2011.

Mwezi uliopita tulipokea barua kutoka kwa kampuni inayosimamia mkopo wetu, ikitujulisha kwamba malipo ya kila mwezi yatapanda kutoka dola 1,740 hadi dola 2,065. Nilidhani riba imebadilishwa, lakini riba yetu ni ile ile isiyobadilika. Nilipoisoma barua kwa utulivu niliona kwamba kilichopanda ni bima ya nyumba, ambayo mwaka jana ilikuwa dola 2,400 na mwaka huu ni dola 4,200, na kwamba akaunti ya amana ambayo mkopeshaji huitumia kulipia bima na kodi ina pengo la dola 2,100. Kodi ya nyumba haikubadilika. Hesabu hiyo siielewi, kwa sababu nyongeza ya dola 1,800 nikiigawa kwa miezi 12 ninapata dola 150, si dola 325. Kinachoniuma zaidi ni kwamba tangu tuhamie hapa hatujawahi kudai fidia hata mara moja.

Sasa nyumbani ni mabishano kila mume wangu anaporejea safarini. Yeye anasema tuiache bima kabisa, kwa kuwa nyumba ya marehemu baba yake kule Tanga imesimama zaidi ya miaka 40 na hakuna aliyewahi kuikatia bima. Anasema pia kwamba kampuni inatuibia waziwazi, kwani serikali ya kaunti imeithamini nyumba na kiwanja chake kwa dola 310,000, ilhali bima imeandikwa dola 340,000. Rafiki yake mmoja amemshauri kwamba, kama hatuwezi kuiacha, basi tupandishe kiasi cha kujilipia wenyewe kwa uharibifu wa upepo na mvua ya mawe hadi asilimia 5, ili ada ishuke. Nilipoiangalia hati mpya niligundua kwamba kiasi hicho kilikuwa asilimia 1 na sasa kimeandikwa asilimia 2, na kuna maneno mapya yanayosema paa litafidiwa kwa thamani yake baada ya kutoa uchakavu.

Kuna jambo jingine. Mwezi Aprili mvua ya mawe ilinyesha mtaani kwetu, na siku chache baadaye fundi wa paa alibisha hodi, akapanda juu, akapiga picha, akasema paa limeharibika na kazi yote itagharimu dola 18,000. Aliahidi kwamba atazungumza na kampuni ya bima kwa niaba yetu na kwamba sisi hatutatoa hata senti moja, kwa sababu kile kiasi cha kujilipia atakifuta yeye. Bado sijasaini karatasi yake, ingawa amepiga simu mara kadhaa.

Mwisho, mimi nimo katika upatu wa wanawake 18 wa hapa, na zamu yangu ya kupokea dola 9,000 imekaribia. Mume wangu anataka tuchukue dola 2,100 humo tulizibe lile pengo mara moja ili malipo ya mwezi yapungue. Mwaka 2023 aliugua sana akalazwa, kadi zetu za mkopo zikachelewa kulipwa kwa miezi kadhaa, na tangu wakati huo ninaogopa deni lolote linaloning'inia. Naomba unisaidie: kwa nini tunapandishiwa kiasi hiki, tunaweza kuiacha bima, na fedha za upatu ziende wapi?

Mama Wawili, Fort Worth

JIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na ile hesabu, kwa sababu ndiyo iliyokutia hofu, na ikishaeleweka utaona kwamba sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni ya muda.

Mkopeshaji wenu alikuwa akikusanya fedha za bima ya mwaka huu kwa kipimo cha mwaka jana, yaani dola 200 kwa mwezi. Hati ya dola 4,200 ilipofika aliilipa yote, akajikuta amepungukiwa na dola 1,800. Juu ya hapo, sheria ya shirikisho inamruhusu kushikilia akiba isiyozidi moja ya sita ya malipo ya mwaka, ambayo ni sawa na miezi miwili, na moja ya sita ya nyongeza ya dola 1,800 ni dola 300. Jumlisha, utapata zile dola 2,100. Zikigawanywa kwa miezi 12 ni dola 175 kwa mwezi, na kwa kuwa kuanzia sasa lazima akusanye dola 150 zaidi kila mwezi kwa ajili ya bima ijayo, jumla inakuwa dola 325. Mwakani, kama ada haitapanda tena, zile 175 zitaondoka na mtabaki na 150. Deni hilo la pengo halina riba. Kwa hiyo nakuomba usilizibe kwa fedha za upatu. Liache likatwe taratibu kwa mwaka mzima, maana fedha hizo zina kazi kubwa zaidi, nami nitaieleza hapa chini.

Kuhusu sababu ya kupandishiwa ilhali hamjawahi kudai, ninajua inauma, lakini ada ya bima ya nyumba hupangwa kwa hatari ya eneo zima kuliko kwa mwenendo wa familia moja. Kaskazini mwa Texas ni miongoni mwa sehemu za Marekani zinazopigwa sana na mvua ya mawe, na dhoruba moja ya nusu saa inaweza kuharibu mapaa ya vitongoji kadhaa kwa pamoja. Bei ya mbao, ya vigae na ya mafundi ilipanda kwa kasi baada ya 2020, kwa hiyo paa lile lile linagharimu zaidi kulibadilisha. Kampuni za bima nazo hujikatia bima kwa kampuni kubwa zaidi za dunia, hiyo ndiyo bima mtawanyo, na baada ya Kimbunga Ian kuipiga Florida mwezi Septemba 2022, bei ya bima mtawanyo ilipanda sana mwanzoni mwa 2023. Mwaka huo huo wa 2023, Marekani ilihesabu majanga 28 ya hali ya hewa ambayo kila moja liligharimu dola bilioni moja au zaidi, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla yake. Gharama hizo zote hurudi kwa wakata bima, hata yule ambaye kigae chake hakijawahi kung'oka.

Kuna na jambo la kisheria ambalo wageni wengi wa Texas hawalijui. Katika jimbo hilo kampuni huwasilisha viwango vyake vya ada kwa Idara ya Bima ya Texas na kuanza kuvitumia bila kusubiri idhini; Idara inaweza kuvikataa baadaye, lakini haimzuii mtu kupokea hati yenye bei mpya leo. Ndiyo maana kulalamika tu kwamba bei ni kubwa hakuwafikishi mbali, ilhali kulinganisha kampuni na kampuni kunaweza kuwaokolea fedha nyingi.

Sasa nije kwa baba watoto, ambaye hoja zake nazielewa na sizidharau. Nyumba ya mzee kule Tanga imesimama bila bima kwa sababu, pamoja na mengine, hakuna benki iliyokuwa ikiidai. Siku ingeungua, hasara ingekuwa ya ukoo, na ukoo ungechanga mabati na saruji ukaanza upya. Nyumba yenu ya Fort Worth ni ya fremu za mbao, na mkataba wa mkopo mliousaini unawalazimisha kuwa na bima hadi senti ya mwisho ya deni ilipwe. Ikiungua bila bima, nyumba itaondoka na deni litabaki. Zaidi ya hayo, mkiiacha, mkopeshaji hatakaa kimya: atawaandikia barua, na siku 45 baada ya taarifa ya kwanza, akiwa ameshatuma na ukumbusho, ana haki ya kuwakatia bima yeye mwenyewe na kuwatoza. Bima hiyo ya kulazimishwa kwa kawaida ni ghali kuliko ya sokoni, nayo hulinda jengo kwa faida ya mkopeshaji, si vyombo vyenu wala dhima yenu endapo mgeni ataanguka barazani na kuwashtaki. Kwa ufupi, kuiacha bima kutawapeleka kwenye bima mbaya zaidi kwa bei ya juu zaidi. Iwapo barua kama hiyo itawahi kuwafikia kwa makosa, pelekeni uthibitisho wa bima yenu mara moja; sheria inamtaka mkopeshaji afute ile yake ndani ya siku 15 na kurejesha fedha za kipindi ambacho bima zote mbili zilikuwepo.

Hoja yake ya pili, kwamba dola 340,000 ni wizi kwa kuwa kaunti imesema 310,000, inachanganya vitu viwili. Kaunti inakadiria bei ambayo nyumba na kiwanja vingeuzwa sokoni. Bima inakadiria gharama ya kufagia majivu, kuondoa kifusi, kuleta mafundi na kuijenga nyumba ile ile upya kwa bei za leo. Kiwanja hakimo, kwa sababu kiwanja hakiungui. Namba hizo mbili hazina sababu ya kufanana. Mnachoweza kufanya ni kumwomba wakala awape karatasi ya makadirio ya ujenzi, mkaisoma mstari kwa mstari: je, ukubwa wa nyumba ni sahihi, wameandika bafu tatu wakati mnazo mbili, wameandika sakafu ya mawe wakati mna zulia? Makosa ya namna hii hutokea, na yakisahihishwa kiwango hushuka kihalali. Lakini msiombe kishushwe chini ya gharama halisi ya ujenzi kwa ajili ya kuokoa dola chache. Mikataba mingi ina sharti kwamba nyumba ikikatiwa bima chini ya asilimia 80 ya gharama ya kuijenga upya, hata dai dogo la jiko lililoungua hulipwa pungufu.

Sasa paa, ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako yote. Ninyi mmetazama bei iliyopanda, nami nimetazama kinga iliyopungua. Chukua kalamu tufanye hesabu pamoja. Tuseme fundi yuko sahihi na paa ni dola 18,000. Kwa mkataba wenu wa zamani, ambao ulilipa gharama ya kuweka paa jipya na ulikuwa na kiasi cha kujilipia cha asilimia 1, mngetoa dola 3,400 na kampuni ingelipa 14,600. Kwa mkataba mpya, kiasi cha kujilipia ni asilimia 2 ya 340,000, ambayo ni dola 6,800, na kumbuka kwamba asilimia hiyo inahesabiwa kwa thamani ya bima ya nyumba nzima, wala si kwa bei ya paa. Kisha paa la 2011 linakatwa uchakavu. Kila kampuni ina jedwali lake, lakini ikiwa itasema paa limechakaa kwa asilimia 60, basi thamani iliyobaki ni dola 7,200. Toa 6,800. Mtapokea hundi ya dola 400. Na mkifuata ushauri wa yule rafiki na kuchukua asilimia 5, kiasi cha kujilipia kitakuwa dola 17,000, yaani mtakuwa mnalipa ada kila mwezi kwa ajili ya paa ambalo kwa vitendo halina bima kabisa dhidi ya mvua ya mawe. Ada itashuka, naam, lakini mtakuwa mmeuza kile mnachokihitaji zaidi katika mji huo.

Ulisema uliyagundua maneno hayo mapya ulipoiangalia hati. Rudi kwenye bahasha ya kuhuisha bima utafute taarifa ya mabadiliko, kwa sababu sheria ya Texas inaitaka kampuni imtumie mkata bima maelezo ya maandishi yanayoonyesha wazi mabadiliko makubwa kabla mkataba mpya haujaanza. Kama hamkutumiwa, au kama yalifichwa katika lugha isiyoeleweka, mna haki ya kupeleka malalamiko kwa Idara ya Bima ya Texas bila malipo. Huenda yasibadilishe ada, lakini yanaweza kugusa suala la kiasi cha kujilipia na uchakavu, na hapo ndipo penye fedha.

Kuhusu fundi aliyebisha hodi, umefanya vyema sana kutosaini. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 ni kosa kisheria katika Texas kwa mkandarasi kuahidi kwamba atafuta au kurejesha kiasi ambacho mwenye bima anapaswa kujilipia, na kampuni ya bima inaruhusiwa kudai uthibitisho kwamba mmelipa kabla ya kutoa sehemu ya fidia iliyobaki. Vilevile mkandarasi anayetengeneza paa haruhusiwi kujadiliana na kampuni ya bima kuhusu fidia kwa niaba yenu. Kazi hiyo ni ya watu wenye leseni yake maalumu. Mtu ambaye katika mazungumzo ya barazani amekuahidi mambo mawili yaliyokatazwa na sheria hafai kukabidhiwa paa lako, hata kama mkono wake ni mzuri kwa kazi. Tafuta fundi mwingine mwenye ofisi ya kudumu hapo mjini, mlipe ada ya ukaguzi kama atataka, umwombe picha na maelezo ya maandishi. Ikiwa uharibifu ni wa vigae vichache, vitengenezwe kwa fedha zenu na risiti ihifadhiwe. Kwa hundi ya dola 400, mimi nisingefungua dai, kwa kuwa madai hubaki katika kumbukumbu za kitaifa ambazo kampuni nyingine huzipekua kwa miaka hadi saba mnapoomba bei. Ikiwa ukaguzi utaonyesha uharibifu mkubwa, ikiwemo maji kuingia ndani, hesabu hubadilika, na hapo msichelewe, kwani mikataba mingi ya huko inataka dai la mvua ya mawe lifikishwe ndani ya mwaka mmoja. Kumuuliza tu wakala maswali kuhusu mkataba wenu hakuhesabiwi kuwa dai chini ya sheria ya Texas, kwa hiyo usiogope kuuliza.

Hapa ndipo zinapoingia fedha za upatu. Dola 9,000 ni nusu ya paa, na kwa mkataba mlio nao sasa, ninyi wenyewe ndio wenye kulibeba paa hilo, mpende msipende. Ushauri wangu ni kwamba fedha hizo ziwekwe katika akaunti ya akiba yenye riba, isiyo ile ya matumizi, na zisiguswe isipokuwa kwa paa. Kama mnaweza kuingia duru nyingine ya upatu, au mume wako akatenga safari moja kwa mwezi kwa ajili hiyo, mnaweza kuliweka paa jipya kabla halijawalazimisha. Mtakapofika huko, ulizieni vigae vya daraja la 4, ambavyo vimejaribiwa kwa kipimo cha UL 2218 cha kuhimili mapigo, kisha fundi ajaze na kusaini fomu ya Idara ya Bima iitwayo PC068, nanyi muipeleke kwa kampuni ili mpate punguzo la ada. Soma kwa makini masharti ya punguzo hilo, kwa kuwa kampuni nyingine hulitoa kwa sharti kwamba hazitalipia mabonyeo yanayoharibu sura tu bila kuvujisha maji. Kwangu mimi hilo ni sharti linalokubalika kwa vigae vya lami. Kwa paa la bati ningefikiri mara mbili. Faida kubwa zaidi ya paa jipya, hata kuliko punguzo, ni kwamba kampuni nyingi zitakubali tena kulikatia bima kwa gharama ya kuweka jipya, jambo ambalo kwa paa la 2011 wengi watalikataa.

Wakati mnasubiri, tafuteni bei nyingine. Msiende kwa wakala wa kampuni moja pekee. Tafuteni na wakala huru anayewakilisha kampuni kadhaa, na tembeleeni tovuti ya HelpInsure, ambayo Idara ya Bima inaiendesha kwa ushirikiano na ofisi ya serikali inayowatetea wakata bima, mkaone viwango vya sampuli kwa eneo lenu. Kila mtakayemuuliza mpeni vipimo vile vile: thamani ya jengo, kiasi cha kujilipia kwa mvua ya mawe na kwa mengineyo, na namna paa linavyolipwa. Bei ya chini isiyosema lolote kuhusu paa haina maana. Kama bei nzuri inatoka kwa kampuni isiyo na kibali cha kawaida cha jimbo, muulizeni wakala waziwazi, maana kampuni za namna hiyo zikifilisika, mfuko wa jimbo unaolipa madai ya kampuni zilizoanguka hauwahusu wateja wake. Kupandisha kiasi cha kujilipia kwa mambo mengine, kama moto na wizi, kutoka dola 1,000 hadi 2,500 ni wazo ninaloliafiki, mradi fedha hizo zipo mkononi. Na mkishabadilisha kampuni, hundi ya marejesho ya bima ya zamani mara nyingi huja kwa jina lenu, msiitumie. Irudisheni katika akaunti ya amana, vinginevyo mwakani mtapokea barua nyingine ya pengo kama hii.

Umetaja kuugua kwa mume wako mwaka 2023 kwa masikitiko tu, lakini kuna fedha ndani yake. Texas inaruhusu kampuni kutumia historia ya mikopo katika kupanga ada ya bima ya nyumba, na kadi zilizochelewa kulipwa huenda zinawapandishia bei hadi leo. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inataka kampuni ifikirie ombi la msamaha wa busara kutoka kwa mtu ambaye mikopo yake iliharibika kwa sababu ya ugonjwa mzito, kifo cha mwenzi, mtoto au mzazi, talaka, kupoteza kazi kwa muda au kuibiwa utambulisho. Ombi liwe la maandishi, liambatane na karatasi za hospitali zenye tarehe, na mwombe ada ipangwe upya bila kuhesabu kipindi kile. Mfanyieni hivyo wakala wa sasa na kila mpya mtakayemwendea.

Na kwa kuwa akaunti ya amana hulipia bima pamoja na kodi, angalieni katika tovuti ya ofisi ya ukadiriaji ya kaunti kama mmesajiliwa kwa msamaha wa kodi wa mwenye nyumba anayeishi ndani yake. Familia nyingi zetu hazikuwahi kujaza fomu hiyo, zikidhani wakili wa mauzo aliijaza. Msamaha huo huondoa dola 140,000 kutoka thamani inayotozwa kodi ya shule, baada ya wapiga kura kuupandisha mwezi Novemba 2025 kutoka 100,000. Pale kodi ya shule inapokuwa dola moja kwa kila dola mia, hiyo ni dola 1,400 kwa mwaka, nyingi karibu kama nyongeza ya bima yenu. Aliyechelewa anaweza bado kuomba kwa miaka ya karibuni iliyopita, hadi miwili, na kurejeshewa. Kujaza fomu ni bure. Wanaowatumia barua wakitaka malipo kwa kazi hiyo wapuuzeni.

Mafuriko sikuyazungumza kwa sababu hukuyauliza, ila jueni kwamba bima ya nyumba haiyalipi hata kidogo, jambo ambalo wakazi wengi wa Houston walilifahamu kwa uchungu baada ya Kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017. Kama mnakaa karibu na kijito, bima ya taifa ya mafuriko hulipa hadi dola 250,000 kwa jengo na 100,000 kwa vyombo, nayo kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuilipia.

Mume wako akirejea safarini, mwonyeshe kwanza ile hesabu ya hundi ya dola 400, kabla ya kuzungumza lolote kuhusu kuiacha bima. Kisha gawaneni kazi: yeye, ambaye ana saa nyingi barabarani na simu ya kuzungumzia bila kushika, awapigie mawakala watatu au wanne kuomba bei zenye vipimo sawa, wewe uandike lile ombi la msamaha wa mikopo na ukague usajili wa kodi. Msingoje tarehe ya kuhuisha bima, kwa sababu mkataba wa bima ya nyumba unaweza kuvunjwa katikati ya mwaka na fedha za miezi iliyobaki zikarejeshwa, ila msivunje wa zamani kabla wa mpya haujaanza na nakala yake haijamfikia mkopeshaji.